Moshi wa Makaa ya Mawe na Sisi Watu wa Reli

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Ahero. Inachapishwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamuni siku ile.)



 

Mnakumbuka kwamba katika mkutano uliopita palitokea ubishi juu ya makaa ya mawe. Ndugu mmoja alisimama akasema kwamba reli inadhoofika kwa kukosa mizigo, na kwamba hakuna mzigo unaolifaa gari la moshi kama makaa ya mawe, maana ni mzito, ni wa kila siku, hauozi, wala mwizi hawezi kuukimbia nao begani. Akataka tawi letu liandike barua makao makuu ili chama kiunge mkono mtambo wo wote wa stima wa makaa ya mawe utakaotajwa katika nchi hii. Ndugu wa pili akasimama akasema moshi wake unaua watu. Wa kwanza akajibu kwamba siku hizi ziko mashini za kusafisha moshi, basi neno limekwisha. Wa pili akasema mashini hizo ni maneno ya wauzaji tu. Kelele zikazidi, mwenyekiti akagonga meza, na sisi watatu tukaagizwa twende tukasome na kuulizauliza, kisha tuje tuwaambie.

Tumesoma na tumeuliza. Tuwaambie mapema kwamba ndugu wote wawili walisema kweli, na wote wawili waliacha nusu ya habari.

Tuanze na tunalolijua wenyewe. Sisi wa uwanda wa Kano si wageni wa moshi. Mama aliyeanika nguo upande wa chini wa upepo wa kiwanda cha miwa anajua masizi yanavyotua juu ya shuka jeupe, na ukijaribu kuyapangusa ndipo unapoyapaka vizuri. Tunajua pia moshi wa maganda ya mpunga yanayochomwa hapa Ahero baada ya mavuno, jinsi unavyolala juu ya barabara alfajiri.

Sasa sikieni kisa kimoja. Gengi letu liliwekwa kutengeneza njia usiku karibu na kiwanda kimoja; jina hatulitaji, wala msilibuni. Mchana dohani la kiwanda lilitoa moshi mweupe mwembamba, mtu angesema ni mvuke wa chai. Ilipofika saa sita za usiku moshi ukageuka mweusi kama sufuria, ukatushukia. Asubuhi uji wetu ulikuwa na madoadoa na kila mtu alikohoa. Tulimwuliza kijana aliyekuwa zamu ya boila kuna nini. Akacheka, akasema chombo cha kuosha moshi kina pampu na feni zinazokula stima nyingi, na usiku hakuna mtu anayetazama, basi huzimwa. Hakusema kwa ubaya. Aliambiwa azime, akazima. Tulikaa siku kumi na moja pale, na kila usiku ilikuwa hivyo hivyo.

Kisa hiki mkishike, maana tulipokwenda kusoma habari za mitambo mikubwa ya dunia tulikikuta tena na tena, kimevaa nguo nyingine.

Makaa ya mawe yenyewe ni kitu gani yakiungua? Wazee wetu wa reli walijua moto. Baba zetu walichoma kuni na makaa, na baadaye mafuta mazito katika zile injini kubwa za Garratt zilizoletwa tangu mwaka 1955. Mbili kati yake zimewekwa katika makumbusho ya reli pale Nairobi, nendeni mkaone. Dereva aliyetoa moshi mweusi alikemewa, kwa sababu moshi mweusi ni mafuta yanayopotea bure. Ndiyo maana sisi tumezoea kuuhukumu moshi kwa macho. Katika makaa ya mawe macho hayatoshi. Mengi yanayodhuru hayaonekani.

Katika mtambo wa stima makaa husagwa mpaka yawe unga laini kama wa mahindi, kisha hupulizwa ndani ya tanuri yakawaka hewani. Moto huchemsha maji, mvuke huzungusha mashini, na mashini hutoa stima. Lakini makaa si makaa matupu. Ndani yake mna mawe na udongo, navyo hugeuka majivu. Sehemu kubwa ya majivu hayo ni mepesi hata yanapanda na moshi. Mna salfa, ndiyo ile ambayo Biblia inaiita kiberiti, nayo ikiungua huwa hewa kali inayowasha koo, na ikikutana na maji ya mawingu hurudi chini ni mvua ya tindikali. Moto ukiwa mkali mno huunguza hata naitrojeni iliyomo katika hewa, nayo hugeuka sumu ya mapafu. Tena mna zebaki, kidogo sana kwa kila tani, lakini tani ni nyingi.

Vumbi lililo dogo kabisa ndilo baya kuliko yote. Chembe zake ni nyembamba kuliko unywele kama mara 30. Pua haizizuii. Zinafika mwisho wa mapafu na kuingia katika damu, ndipo mtu anapata pumu, au moyo, au kiharusi, na hakuna daktari atakayeandika katika cheti cha kifo kwamba huyu aliuawa na dohani. Na zebaki ndugu wavuvi waisikie vizuri: huanguka majini, wadudu wa majini hugeuza hali yake, samaki wadogo huila na samaki wakubwa huwala wadogo, ikizidi kila hatua. Mkilinganisha na ziwa letu, ingekuwa kidogo katika omena na nyingi katika mbuta. Mama mjamzito akila samaki hao sana, ubongo wa mtoto tumboni ndio unaodhurika.

London walijifunza kwa gharama. Tangu tarehe 5 mpaka 9 Desemba 1952 hewa ilisimama juu ya mji, na moshi wa makaa ya mawe, wa majumbani na wa mitambo ya stima, haukupata pa kwenda. Makondakta wa mabasi walitembea mbele ya gari kwa miguu na tochi mkononi kumwonyesha dereva njia. Serikali ilihesabu watu kama 4,000 waliokufa. Wachunguzi wa miaka ya baadaye wamesema wafikia kama 12,000. Sheria ya Hewa Safi ikatoka mwaka 1956. Kwa hiyo ndugu wa pili hakusema uongo.

Sasa twende kwa ndugu wa kwanza na mashini zake. Naye hakusema uongo.

Chombo cha kwanza hunasa vumbi kwa umeme. Fikirini bamba za chuma ndefu zimesimamishwa kama vitabu kabatini, na katikati yake waya zenye umeme wa nguvu nyingi sana. Vumbi likipita hupata umeme, likavutwa na bamba kama vile kitana kilichosugua nywele kinavyovuta vipande vya karatasi. Nyundo hugonga bamba, majivu yakaanguka katika mapipa chini. Mahali pengine hutumia mifuko mirefu ya kitambaa, maelfu yake, moshi ukipita vumbi likabaki. Vyombo hivi vikiwa vizima hunasa zaidi ya sehemu 99 katika kila 100. Tuliposoma hivyo hatukuamini, tukamwuliza fundi mmoja aliyesomea mambo hayo, akatuambia ni kweli.

Cha pili huosha salfa. Mawe ya chokaa husagwa na kuchanganywa na maji yakawa kama uji, uji ukanyunyizwa ndani ya moshi, salfa ikashikana na chokaa ikawa jasi, ile ambayo mafundi wa dari huiita jipsamu. Huondoa zaidi ya sehemu 90 katika 100, na kilicho kizuri zaidi huondoa 95 na kupita. Naitrojeni huanza kupunguzwa kwa kupanga hewa ya moto vizuri, halafu moshi hupulizwa amonia na kupitishwa katika chombo maalum kinachoigeuza. Zebaki hunaswa kwa unga wa makaa uliotayarishwa. Hewa ya kaboni, ile inayopasha dunia joto, vyombo hivyo vyote haviigusi. Huko Kanada tangu mwaka 2014 uko mtambo mmoja uitwao Boundary Dam unaojaribu kuinasa, nao umekuwa ukinasa pungufu ya ulivyoahidi.

Na dohani refu je? Dohani refu halisafishi kitu. Linatupa mbali tu. Waingereza walijenga madohani marefu, wakashukuru kwamba hewa ya kwao imekuwa nafuu, kumbe samaki wa maziwa ya Sweden na Norway ndio waliokufa kwa tindikali. Kwa hiyo mtu akija kuwasifia urefu wa dohani, mwulizeni kijiji kilicho upande wa chini wa upepo kinaitwaje.

Mmoja wetu aliwahi kuandika uzito wa mabehewa, na hesabu haimtoki kichwani. Alikaa na penseli akachukua mtambo wenye ukubwa kama ule uliotakiwa kujengwa Lamu, megawati 1,050. Ukifanya kazi kwa nguvu zote mchana na usiku, huchoma kama tani 9,000 za makaa mazuri kwa siku moja. Kwa mabehewa ya tani 40 hayo ni mabehewa 225, kila siku. Hapo tukaona kwa nini ndugu yetu alipenda mzigo huo. Tuseme sehemu 15 katika 100 ni majivu: ni tani 1,350, na katika hizo kama 1,080 hupanda na moshi. Tuseme salfa ni sehemu 1 tu katika 100: ni tani 90, na kwa kuwa tani moja ya salfa ikiungua hutoa tani mbili za hewa yake kali, basi ni tani 180 kwa siku.

Vyombo vikifanya kazi, vumbi linalotoka ni kama tani 5 na nusu, na hewa ya salfa ni kama tani 9. Si haba, lakini ni tofauti kubwa. Sasa tazameni upande wa pili wa hesabu. Mkizima chombo cha kuosha salfa kwa siku moja tu, mmetoa hewani salfa ya siku 20. Mkizima cha kunasa vumbi siku moja, mmetoa vumbi la siku 200. Yule kijana wa boila na usiku wake mmoja! Sisi watatu tulitazamana. Kumbe swali si kama mashini zipo au hazipo. Swali ni nani anashika swichi, na nani anaweza kumzuia.

Sisi tunayo breki. Gari haliondoki stesheni kabla breki haijapimwa, na dereva akisema breki haishiki, hata mkubwa wa mizigo akipiga kelele kwamba sukari inangojwa Nakuru, gari halitoki. Hakuna mtu katika reli anayesema breki ni pambo, au kwamba tutaifunga mwakani fedha zikipatikana. Chombo cha kusafisha moshi kingetakiwa kuwa kama breki. Mahali pengi kimekuwa kama rangi ya behewa: kizuri kikiwapo, na safari inaendelea kisipokuwapo.

Mifano tuliyoipata ni mingi, tutaje mitatu. Mitambo ya kwanza duniani kuosha salfa ilikuwa Uingereza miaka ya 1930, mmojawapo Battersea ndani ya London. Vita vilipokuja vyombo vikazimwa, kwa hofu kwamba wingu lake jeupe lingewaonyesha marubani wa adui mahali pa kutupia mabomu. Hiyo twaweza kuielewa, vita ni vita. India ilitoa sheria Desemba 2015 kwamba mitambo ya makaa ya mawe ifungwe vyombo vya salfa kwa muda wa miaka 2. Muda ukaongezwa, ukaongezwa tena, na Julai 2025 serikali ikaisamehe mitambo iliyo mingi.

Wa tatu uko Afrika hii hii. Afrika Kusini, katika jimbo la Mpumalanga, mitambo ya makaa ya mawe imejaa hata mahakama kuu ya Pretoria ikaamua Machi 2022 kwamba hewa ya huko inavunja haki ya watu waliyopewa na katiba. Huko umejengwa mtambo mpya uitwao Kusile, na huo ndio wa kwanza katika Afrika kuwa na chombo cha kuosha salfa. Ilikuwa fahari. Oktoba 2022 njia ya moshi ndani ya dohani ikaharibika kwa uzito wa tope la chokaa lililoganda, na mashini tatu zikasimama kwa mara moja. Nchi ilikuwa gizani, stima inakatwa kila siku. Mkubwa gani wa serikali angesema na tungoje? Mwaka 2023 ruhusa ikatolewa, madohani ya muda yakajengwa, na mashini zile zikarudishwa kazini kwa muda bila kuosha moshi. Breki imekatika, na bendera ya kijani imepeperushwa.

Hatusemi haya kwa kuwacheka. Nasi tungekuwa gizani, hospitali haina stima, huenda tungepeperusha bendera hiyo hiyo. Ndiyo sababu mambo haya huamuliwa kabla ya kujenga. Mtambo ukishajengwa, shida ya stima ndiyo inayotawala.

Sasa habari ya kwetu. Mpaka leo Kenya haina mtambo mkubwa wa stima wa makaa ya mawe. Makaa yanayoletwa kutoka ng'ambo huchomwa zaidi katika viwanda vya saruji. Stima yetu, zaidi ya sehemu 8 katika kila 10, yatoka katika mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji, upepo na jua. Na hapa jirani mto Sondu-Miriu unafanya sehemu yake. Makaa yapo ardhini Kitui, katika bonde la Mui, na yamezungumzwa miaka mingi. Mtambo uliokaribia kabisa kujengwa ni ule wa Lamu, mahali panapoitwa Kwasasi, wa kampuni ya Amu Power.

Septemba 2016 Mamlaka ya Mazingira, NEMA, ilitoa leseni. Wenye mradi waliahidi vyombo vya kisasa. Watu wa Lamu, wavuvi na wakulima na wenye nyumba katika mji ule wa kale ambao tangu mwaka 2001 umo katika urithi wa dunia, walijikusanya chini ya jina la Save Lamu wakapeleka shauri mbele ya baraza la taifa la kuamua mashauri ya mazingira. Ilichukua karibu miaka 3. Tarehe 26 Juni 2019 baraza likafuta leseni. Tulisoma sababu zake kwa makini, kwa sababu tulidhani zitakuwa za kemia. Kubwa haikuwa ya kemia. Baraza lilisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano iliyoitwa ilikuwa ya utangulizi tu, kabla uchunguzi haujafanywa, na uchunguzi ulipokwisha hawakurudiwa ili wausome na kusema. Tena sheria ya mabadiliko ya hali ya hewa ya mwaka 2016 haikuzingatiwa. Kampuni ikakata rufani. Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupa rufani hiyo.

Kuna ndugu hapa aliyesema, wale wa Lamu walikataa maendeleo. Sisi hatuoni hivyo. Mvuvi alitaka kujua majivu yatalazwa wapi na maji ya moto yatamwagwa wapi. Ukimwajiri mtu hata kuchimba choo nyumbani kwako, humwulizi shimo litakaa wapi?

Na majivu hayo ndiyo neno ambalo chama cha wafanya kazi kingetakiwa kulishika kuliko wote. Ukiyanasa yasiende hewani, hayakupotea. Yamekuwa mlima. Kuna mtu atakayeingia ndani ya mapipa na koleo kuyaondoa yakikwama, kuna atakayebadili mifuko, kuna atakayeyapakia katika mabehewa. Mtu huyo si meneja. Huko Tennessee, Marekani, mahali paitwapo Kingston, usiku wa tarehe 22 Desemba 2008 ukuta wa bwawa la majivu ulivunjika, na tope zaidi ya mita za ujazo milioni 4 likafunika mto na nyumba. Mamia ya wafanya kazi waliletwa kusafisha, miezi na miaka. Wengi wakaugua, wengine wakafa, na waliobaki wakaenda mahakamani wakisema waliambiwa kwamba vifuniko vya pua havihitajiki. Novemba 2018 wazee wa mahakama huko Knoxville wakaamua kwamba kampuni iliyosimamia kazi ile haikuwalinda kama ilivyopasa. Miaka 10 ilikuwa imepita.

Tumekwisha kusema juu ya mapafu. Tuseme juu ya mkate, maana ndiko ubishi ulikoanzia.

Hatumlaumu ndugu yetu kwa kutafuta mizigo. Njia yetu kutoka Nakuru hadi Kisumu ilikaa miaka imeota nyasi, na ilipofunguliwa tena mwaka 2021 tulifurahi hata machozi yakatutoka. Tunataka magari yapite. Lakini mzigo wa makaa ya mawe nao una mwisho wake. Uingereza ndiko ulikozaliwa. Mtambo wa kwanza wa stima ya makaa kwa umma ulifunguliwa London mwaka 1882, na wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, ulizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Ratcliffe ulikuwa na vyombo vyote tulivyovieleza, vya vumbi na vya salfa na vya naitrojeni, na bado ukafungwa. Gari la mwisho lililoupelekea makaa lilifika Juni mwaka ule. Watu wa reli ambao babu zao na baba zao walivuta makaa tu, wameona mzigo huo ukiisha ndani ya miaka kumi hivi. Wao angalau walitangaziwa mapema: serikali ilisema tangu 2015 kwamba makaa yatakoma, na wafanya kazi wakapata miaka ya kujipanga. Je, sisi tujifunge na mzigo ambao wenye kuuanzisha wameutua?

Hapo sisi watatu hatukukubaliana kwa kila neno, na si vizuri kuwaficha. Wawili wetu wanaona tawi liseme wazi kwamba halitaunga mkono makaa ya mawe, na badala yake lidai mahindi, mbolea, saruji, mafuta na sukari virudi katika reli kutoka barabarani, maana mizigo hiyo ipo leo na inapita hapa Ahero mbele ya macho yetu juu ya malori. Mmoja wetu anaona tusifunge mlango. Tuweke masharti mazito, na atakayeyatimiza tumsikilize. Lakini wote watatu tumekubali kwamba barua ya kuunga mkono kila mtambo utakaotajwa, kama ilivyotakiwa mwezi uliopita, isiandikwe.

Masharti tuliyoandika ni haya, nanyi myapime. Vyombo vya kusafisha moshi viwemo ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza, pamoja na fedha za kuvitengeneza vikiharibika, zikae mahali ambapo mwenye mtambo hawezi kuzila. Chombo kikisimama, mtambo usimame, kama gari lisilo na breki. Vipimo vya moshi vibandikwe nje ya lango kila siku, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, vya usiku pamoja na vya mchana. Wafanya kazi wa majivu wapewe vifuniko vya pua na wapimwe mapafu kwa gharama ya mwajiri. Na sharti tulilobishana juu yake mpaka usiku kwa sababu ndilo la chama hasa: kijana wa boila akikataa kuzima chombo, au akienda kusema kwamba kimezimwa, asifukuzwe kazi. Yule wa kwetu tuliyemtaja hakuwa na chama. Angemwambia nani?

Mtu mmoja alituuliza njiani habari za mtambo wa nyuklia unaozungumzwa huko Siaya. Hiyo ni hotuba nyingine, na hatukutumwa. Lakini swali la mvuvi wa Lamu anaweza kuliazima ye yote.

Bwana Mwenyekiti, barua tumeiandika mara mbili, moja ya wale wawili na moja ya yule mmoja, nazo ziko mezani kwa katibu. Kila mwanachama azisome kabla ya kura. Asiyeona vizuri maandishi madogo asomewe kwa Kiluo, tumekwisha kutafsiri. Sasa tungependa kusikia maswali. Jaduong' wa Kibigori ameinua mkono tangu tulipotaja majivu, na aanze yeye.